Hafla za utamaduni za bure au za gharama ndogo katika jiji kubwa: wanaozijua huzijulia wapi?

MgeniWaJiji aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimehamia jiji kubwa kwa ajili ya kazi. Jiji hili linasifika kwa muziki, michezo ya kuigiza na maonyesho ya sanaa, lakini karibu kila tangazo ninalokutana nalo lina kiingilio ambacho mshahara wangu hauwezi kukimudu ila mara chache sana. Wakati huohuo nawasikia wafanyakazi wenzangu wakisimulia tamasha la bustanini au mazungumzo ya mwandishi fulani waliyohudhuria bila kulipa chochote, na habari hizo hunifikia hafla ikiwa imekwisha pita. Ni dhahiri kwamba mambo yapo, na ninachokosa ni njia ya kuyajua mapema.

Nimejaribu kutafuta kwenye intaneti kwa kuandika jina la jiji pamoja na neno "bure". Matokeo mengi ni kurasa za wauza tiketi, na yale machache yaliyo ya kweli huwa ya mwaka uliopita. Mitandao ya kijamii nayo hunionyesha zaidi yale yaliyolipiwa matangazo, na sidhani kama mwenye hafla isiyo na kiingilio ana fedha za kulipia tangazo.

Naomba mnielekeze. Wale wanaozijua hafla hizi huzijulia wapi? Na ni zipi ambazo mtu mwenye kipato kidogo anaweza kuzitegemea wiki hadi wiki, mbali na zile sherehe kubwa za mara moja kwa mwaka? Mimi napenda muziki wa ala, maigizo na mashairi. Nina nafasi jioni za siku za kazi na Jumapili.

MratibuWaUkumbi alijibu:

Ndugu mgeni, karibu. Nimefanya kazi ya kupanga ratiba za kumbi kwa miaka mingi, na kwa uzoefu wangu swali la kuanza nalo ni hili: ni nani katika jiji lako mwenye sababu ya kutaka watu wahudhurie hata kama hawalipi? Hakuna hafla isiyogharimu. Umeme unalipiwa, walinzi wanalipwa, na wasanii nao wana familia. Kiingilio kinapokuwa hakipo, maana yake gharama imekwisha kubebwa na mtu mwingine, na huyo ana sababu yake ya kuibeba. Ukimjua yeye na sababu yake, utajua pia siku zake, mahali anapotangazia, na kama jambo hilo litarudiwa.

Mlipaji wa kwanza ni umma wenyewe, kupitia kodi. British Museum ya London ilifungua milango mwaka 1759 bila kiingilio, na tangu Desemba 2001 makumbusho ya kitaifa ya Uingereza kwa jumla hayatozi chochote kwa mtu anayetaka kuona mkusanyiko wa kudumu. Makumbusho ya Smithsonian yaliyoko Washington nayo huingiwa bure. Angalia lakini hayo maneno "mkusanyiko wa kudumu", kwa sababu maonyesho maalumu ya miezi michache, ambayo ndiyo hupewa mabango makubwa barabarani, kwa kawaida hulipiwa hata ndani ya jumba ambalo mlango wake ni wa bure. Mgeni huona bango, akaona bei, akadhani jumba zima ni la kulipia, akapita.

Kwingineko bure hutolewa kwa saa au kwa siku. Jumba la makumbusho la Prado la Madrid huingiwa bila malipo katika saa mbili za mwisho kabla ya kufungwa, na nchini Italia makumbusho ya serikali pamoja na maeneo ya kale hufunguliwa bure Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Utaratibu wa namna hii uko katika miji mingi, ila hautangazwi kwa sauti, kwa kuwa jumba linalotegemea pia mapato ya tiketi halina haja ya kuwakumbusha watalii kwamba wangeweza kusubiri hadi jioni. Kwa hiyo fungua ukurasa wa saa za kazi na viingilio wa kila jumba la makumbusho lililo karibu nawe, kisha uusome hadi mwisho, pamoja na yale maandishi madogo yanayohusu wakazi, vijana, wanafunzi na wazee. Kazi hiyo ni ya jioni moja, na matunda yake utayala mwaka mzima.

Mlipaji wa pili ni serikali za nchi za nje, na huyu husahauliwa sana. Alliance Française ya Ufaransa ilianzishwa mwaka 1883, British Council ya Uingereza mwaka 1934, Goethe-Institut ya Ujerumani mwaka 1951 na Instituto Cervantes ya Hispania mwaka 1991, na zote zina lengo linalofanana, nalo ni kuzifanya lugha na tamaduni za nchi zao zijulikane na zipendwe. Taasisi yenye lengo hilo haiwezi kufanikiwa ikiwa viti vyake vitupu. Ndiyo maana vituo vyake huonyesha filamu, hualika waandishi na hufungua maonyesho ya picha kwa bure au kwa kiasi kidogo. Kumbi zao ni ndogo na hawana haja ya mabango, kwa hiyo habari huenda kwa barua pepe kwa waliojiandikisha, na nafasi zikijaa tangazo haliwafikii wengine kamwe. Wazungumzaji wa Kiswahili walioko ughaibuni wazikumbuke pia balozi za nchi zetu, hasa inapokaribia tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Halmashauri za miji nazo hutenga fedha za utamaduni, na fedha hizo huonekana zaidi katika majira ambayo hali ya hewa inaruhusu watu kukaa nje. Mfano unaojulikana sana ni wa New York, ambako ukumbi wa wazi wa Delacorte ulioko Central Park, mali ya jiji, umekuwa ukionyesha tamthilia za Shakespeare bila kiingilio tangu mwaka 1962. Kila jiji kubwa lina idara ya utamaduni au ya bustani, na idara hiyo ina kalenda. Kalenda hizo huwa hazivutii macho wala hazina picha nzuri, lakini nimeona mara nyingi kwamba ndizo za kuaminika kuliko orodha za "mambo kumi ya kufanya wikendi hii". Orodha za namna hiyo huandikwa na mtu ambaye naye amenakili kwingine, tena akiwa amechelewa.

Chagua basi taasisi chache, ikiwezekana zile zilizo kwenye njia yako ya kwenda na kurudi kazini, na ujiandikishe kwenye barua pepe za kila moja. Usijiandikishe kwa zote za jiji, kwa maana baada ya muda mfupi utaacha kuzisoma.

MpigaFidla alijibu:

Mratibu amesema kweli, nami nitaongezea upande wa wanaopanda jukwaani.

Ndugu MgeniWaJiji, umeuliza kuhusu kitu cha kukitegemea wiki hadi wiki, tena umetaja muziki wa ala. Jibu lako ni chuo cha muziki. Katika vyuo vingi mwanafunzi wa ala hawezi kuhitimu bila kupiga programu kamili mbele ya hadhira, na kabla ya siku hiyo hupewa nafasi nyingi za kujizoesha hadharani. Vyuo vingi huacha milango wazi kwa mtu yeyote katika maonyesho hayo, kwa sababu kupiga mbele ya viti vitupu hakumfundishi mwanafunzi lolote kuhusu hofu ya jukwaa. Asidhani mtu kwamba kwa kuwa ni wanafunzi basi kiwango ni cha chini. Anayehitimu shahada ya juu ya fidla au piano amekwisha tumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye chombo hicho, na kipande atakachokupigia amekaa nacho kwa miezi, pengine kwa muda mrefu kuliko okestra ya kulipwa iliyokipata wiki hiyohiyo. Idadi ya maonyesho huongezeka sana kuelekea mwisho wa muhula, hata ikawa jioni moja ina matatu au manne katika vyumba mbalimbali vya chuo kimoja. Vyuo vya maigizo na vya dansi hufanya vivyo hivyo na tamthilia za mwaka wa mwisho, ila huko mara nyingi kuna kiingilio kidogo cha kufidia mavazi na mandhari.

Vilevile kuna madarasa ya wazi, ambapo msanii mashuhuri anayepita mjini huwafundisha wanafunzi wachache mbele ya watu. Mimi huyapenda kuliko tamasha lenyewe. Unasikia sentensi ileile ya muziki ikipigwa mara tano, kila mara ikiwa na maana tofauti, na ukitoka hapo masikio yako hayawi kama yalivyokuwa ulipoingia.

Kumbi kubwa pia zina milango yake midogo. Matamasha ya Proms ya London yalianza mwaka 1895 kwa nia ya kuwafikia watu wasiomudu tiketi za kawaida, na hadi leo nafasi za kusimama ndani ya Royal Albert Hall huuzwa kwa bei ndogo siku ya onyesho. Shakespeare's Globe, ukumbi wa maigizo uliofunguliwa mwaka 1997 katika jiji hilohilo, una uwanja unaopokea watu wapatao 700 waliosimama mbele kabisa ya jukwaa, na Opera ya Taifa ya Vienna nayo ina utaratibu wake wa nafasi za kusimama. Katika kumbi zote hizi aliyelipa kidogo anaona na kusikia onyesho lilelile, na pale Globe yuko karibu na waigizaji kuliko wengi waliolipia viti. Kwa tamthilia za kibiashara, tafuta kama jiji lako lina dirisha la tiketi za siku hiyohiyo. New York ina lake, TKTS, tangu mwaka 1973, na mantiki yake ni nyepesi: kiti kisichouzwa hadi pazia linafunguka hakina thamani tena, hivyo mwenye ukumbi ni afadhali akiuze kwa punguzo.

Ikiwa una jioni za kutosha, uliza kuhusu kazi ya kujitolea ya kupokea wageni na kuwaonyesha viti. Kumbi nyingi huwaruhusu wanaoifanya kutazama onyesho baada ya milango kufungwa. Uliza pia kuhusu mazoezi ya mwisho, yale yanayofanywa na mavazi na taa zote kabla ya siku ya ufunguzi, kwani baadhi ya makundi hualika watu wachache ili wajue hadhira itacheka wapi na itanyamaza wapi.

Lakini ushauri ninaouona wa maana kuliko yote niliyoyataja ni kuwafuata watu zaidi ya kumbi. Ukihudhuria onyesho likakugusa, chukua ile karatasi ya programu na uangalie majina yaliyo chini kabisa: mpiga selo wa dawati la pili, mwigizaji wa nafasi ndogo, mtunzi kijana aliyepewa dakika sita. Watu hao hawawezi kuishi kwa kazi moja. Watakuwa na kikundi chao cha watu wanne kinachopiga kwenye nyumba za ibada wakati wa mchana, au watasoma mashairi kwenye duka la vitabu, na huko mara nyingi hakuna kiingilio. Hutangaza wenyewe kwenye kurasa zao kwa maandishi mafupi siku chache kabla. Wafuate watano tu ambao kazi yao uliipenda kweli, nao watakupeleka kwa wengine ambao hakuna kalenda ya jiji itakayokutajia.

MkutubiMstaafu alijibu:

Nashangaa kwamba hadi sasa hakuna aliyetaja maktaba ya umma. Ndugu yangu, kabla ya jambo lingine lolote, chukua kadi ya maktaba. Ndani ya maktaba kuu za miji mikubwa mna usomaji wa mashairi, filamu, mihadhara, vikundi vya wasomaji na maonyesho madogo ya picha na hati za kale, na kwa kawaida vyote ni bure. Katika baadhi ya miji kadi hiyo hufungua hata milango ya majumba mengine. New York ilianzisha mwaka 2018 mpango uitwao Culture Pass, ambao humwezesha mwenye kadi ya maktaba kuweka nafasi ya kuingia bila malipo katika makumbusho na taasisi nyingi za utamaduni za jiji hilo. Miji mingine ina mipango inayokaribiana na huo, ila haina jina moja, kwa hiyo muulize mkutubi aliye kwenye meza ya huduma. Muulize ana kwa ana. Mkutubi hukutana na kila kikundi kinacholeta karatasi ya kubandika ukutani, na anajua kipi ni cha kweli na kipi kimekufa kikabaki jina.

Ubao wa matangazo wa maktaba pia usiudharau. Kikundi cha kwaya, jumuiya ya washairi au chama cha wapiga picha huenda hakina tovuti inayoeleweka, lakini kina mwanachama mwenye pini na karatasi.

Kisha weka kwenye kalenda yako siku ambazo taasisi hujisikia kuwa na wajibu wa kufungua milango. Siku ya Ushairi Duniani ni tarehe 21 Machi, ya Tamthilia 27 Machi, ya Vitabu na Hakimiliki 23 Aprili, ya Dansi 29 Aprili na ya Jazi 30 Aprili. Tarehe 18 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, iliyoanzishwa mwaka 1977 na Baraza la Kimataifa la Makumbusho, na tarehe 21 Juni ni sikukuu ya muziki iliyoanzia Ufaransa mwaka 1982 na sasa huadhimishwa katika miji ya nchi zaidi ya 100 kwa maonyesho ya bure ya mitaani. Sisemi usubiri siku hizo kubwa, maana umesema wazi kwamba hutaki hivyo. Nasema uzitumie kuvijua vikundi, halafu uende navyo katika wiki za kawaida, wakati hakuna msongamano na mtu anaweza hata kuzungumza na mshairi baada ya kusoma.

MgeniWaJiji aliandika:

Nawashukuru kwa dhati. Nimekwisha jiandikisha kwenye barua pepe za vituo viwili vya utamaduni na cha kwanza tayari kimeniletea mwaliko wa usomaji wa mashairi. Nimebakiwa na mashaka mawili. Kwanza, naona nyingi ya hafla hizi, ingawa ni za bure, zinahitaji tiketi iliyohifadhiwa mapema, na ninapofungua ukurasa nakuta zimekwisha. Pili, mlangoni pa tamasha moja niliona kisanduku cha michango, nami sikujua kama mtu mwenye uwezo mdogo anatarajiwa kutoa, au kama kupita bila kutoa ni utovu wa adabu.

MamaWaWawili alijibu:

Mdogo wangu, mimi nina watoto wawili na tumeishi na hafla za bure tangu wakiwa wadogo, kwa hiyo nikujibu kwa utaratibu tuliouzoea nyumbani kwetu.

Kuhusu tiketi zilizokwisha, jua kwanza kwamba tiketi ya bure ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Aliyelipa hujikaza akaenda hata kama amechoka, na asiyelipa mvua ikinyesha hubaki nyumbani. Waandaaji wanalijua hili, na wengi hugawa tiketi zaidi ya idadi ya viti au huacha foleni ya wasio na tiketi ikae mlangoni hadi dakika chache kabla ya kuanza. Kwa hiyo ukikuta pameandikwa kwamba nafasi zimejaa, waandikie au wapigie simu uulize kama kuna foleni hiyo na inaanza saa ngapi. Mimi huulizia pia siku ambayo tiketi za mwezi unaofuata hutolewa, kwa kuwa taasisi nyingi huzitoa kwa mpigo siku moja na saa moja isiyobadilika, na anayeijua saa hiyo hana haja ya kubahatisha.

Kabla ya kuondoka nyumbani, fikiria gharama ya usafiri, hasa wa kurudi. Onyesho linaloisha usiku mbali na nyumbani linaweza kukugharimu zaidi ya tiketi ya onyesho la karibu lililo na kiingilio kidogo. Sisi huangalia kwanza saa ya usafiri wa mwisho wa umma ndipo tuangalie nani anaimba. Ndiyo maana nayapenda sana matamasha ya mchana kwenye nyumba za ibada na maonyesho ya Jumapili.

Jihadhari pia na "bure" ambayo ni biashara iliyovaa kanzu ya utamaduni. Ukitakiwa namba ya kadi ya benki kwa ajili ya tiketi isiyo na bei, au ukiambiwa kwamba hafla ya muziki itaanza baada ya "mazungumzo mafupi kuhusu fursa ya uwekezaji", usiende. Hafla ya kweli huitaja taasisi inayoiandaa na wasanii watakaokuwapo, na ukiitafuta taasisi hiyo kwenye tovuti yake utaikuta hafla ileile imeandikwa huko.

Sasa kisanduku. Kilipo kisanduku bila kiwango kilichoandikwa, mchango ni wa hiari, na hakuna anayekuhesabia. Kama huna, ingia kwa amani. Waandaaji wanataka ukumbi uliojaa, na wafadhili wao huwauliza watu wangapi walihudhuria kabla ya kuuliza kisanduku kilikusanya kiasi gani. Ukiwa nacho kidogo, toa, hasa kwenye vikundi vidogo ambavyo kisanduku hicho ndicho mapato yao yote ya jioni ile. Naomba wenzangu wasitofautiane nami hapa kwa haraka, kwa sababu najua wapo wanaosema kwamba asiyechangia anawanyonya wasanii.

MpigaFidla alijibu:

Sitofautiani nawe, dada, ila naomba niongeze jambo moja. Kwa msanii anayeanza, mtu aliyekaa safu ya mbele akasikiliza hadi mwisho, kisha akajaza ile karatasi ya maoni au akamwalika rafiki yake onyesho lijalo, amechangia kitu ambacho kisanduku hakikileti. Ninachokiona kibaya ni kutoka katikati ya kipande kwa sababu tu mtu hakulipa. Hilo linaumiza, na hutokea zaidi kwenye matamasha ya bure.

MratibuWaUkumbi alijibu:

Kuhusu tiketi, nathibitisha aliyoyasema MamaWaWawili, kwa kuwa mimi mwenyewe hufanya hivyo: hugawa zaidi ya viti nilivyonavyo, na bado siku nyingine ukumbi hubaki na mapengo. Ndugu mgeni, ukihifadhi nafasi kisha ukaona huwezi kufika, ifute hata kama ni asubuhi ya siku yenyewe. Katika mifumo mingi nafasi iliyofutwa hurudi kwenye ukurasa papo hapo, na kutokana na hilo kuna jambo litakalokufaa zaidi wewe uliyekosa: fungua ukurasa huo tena siku ya hafla, kati ya asubuhi na saa sita mchana, maana hapo ndipo watu hujua kwamba kazi zitawazuia wakaachia tiketi zao. Kwa usomaji wa mashairi ulioalikwa, fika nusu saa mapema, kwa sababu vyumba vya vituo hivyo ni vidogo na viti huwa vya anayewahi.